Zamu ya Kusafisha Ua

Fundi cherehani alipoingia uani na furushi la vitambaa kichwani, mama mkwe wake alikuwa ameshika kiuno kando ya ndoo, anachekelea. Milango yote ya ua ilikuwa inachuruzika maji. Wiki hii zamu ya usafi ilikuwa yao, na mama mkwe, kwa usafi usimchezee, alikuwa ameapa kwamba wageni wa serikali hawatakuta uchafu kwenye zamu yake.

Furushi lilimponyoka fundi. Alama zilikuwa wapi?

Maana mradi ule wa kuboresha makazi haukuwa na maneno mengi wala orodha ya majina. Vyumba vyao vya mabati vitabomolewa, maghorofa yatasimama papo hapo, na mlango wenye duara la chaki ndio utakaopewa chumba huko juu. Leo afisa anakuja kupitisha rangi juu ya chaki. Wasio na duara watajua wenyewe pa kwenda. Tena afisa aliwaonya mkutanoni kwamba ua ukikutwa na udanganyifu, wote wataondolewa, mwenye haki na asiye na haki.

Kila mlango ulikuwa na duara isipokuwa wa kinyozi. Masikini, alihamia na mkewe mjamzito baada ya watu wa mradi kupita na chaki yao.

Fundi alimwuliza mama mkwe kama hakuona michoro mlangoni. Mzee akajibu kwamba aliiona, michoro ya watoto watundu, na ilimtoa jasho kuifuta. Siku ile ya kuchorewa alikuwa kwa binti yake, na jamani, hakuna aliyekumbuka kumweleza.

Basi woga ukamvaa fundi mzima mzima. Aliwaza wanawe, aliwaza cherehani nje kwenye mvua, na majirani wakirudi kutoka kazini kukuta nyumba yake ndiyo iliyowafuta. Akakimbilia ndani, akatoka na chaki yake ya kuchorea vitambaa, akaanza kuzungusha duara kwenye mlango wake. Kwa haraka yake duara likatoka kama yai.

"Unafanya nini hapo?"

Afisa alikuwa amesimama nyuma yake na kopo la rangi. Nyuma ya afisa, majirani walikuwa wanaingia mmoja mmoja, na kinyozi amemshika mkewe mkono.

Mama mkwe ndiye aliyeeleza yote, ndoo, zamu, watoto watundu, bila kuruka kitu. Afisa alipapasa mlango uliolowa, akatazama duara la yai, kisha akamgeukia mama mkwe.

"Bibi," alisema, "wewe ndiye uliyesugua. Niambie kama kuna mlango ambao haukuwa na alama. Ukinidanganya, ua wote unaondoka."

Kinyozi alitazama chini. Fundi alimwomba Mungu mama mkwe aseme ukweli, kisha akajionea aibu kwa kuomba hivyo, na bado akaendelea kuomba.

"Mwanangu," alisema mama mkwe, "nimesugua milango yote kwa mikono hii. Hakuna hata mmoja niliouacha kwa sababu ulikuwa safi."

Afisa alimkazia macho. Mzee naye akamkazia yake, ametulia tuli. Kisha afisa akafungua kopo, akaanza na mlango wa kwanza, akaenda hivyo hivyo hadi wa kinyozi, akaupaka na huo. Mke wa kinyozi aliketi chini palepale akalia.

Afisa alipotoka, mama mkwe aliingia chumbani bila kumtazama mtu. Fundi alimfuata, akamkuta amekaa kitandani, mikono imebanwa katikati ya magoti, meno yanagongana.

"Funga mlango," alisema. "Na ukae hapa karibu yangu, hadi nisisikie viatu vyake."