Potopoto ya Ujerumani

Siku Ornella alipotuma ile picha kutoka Ujerumani, mama yake, Marie-Jeanne, alilia mpaka kitenge kikalowa. Alimtuma binti akasome, jamani, si akateseke. Na tazama sasa: mtoto amesimama anacheka mbele ya nyumba ya miti na potopoto! Miti myeusi inaonekana wazi ukutani, mingine imepinda, katikati yake udongo, na juu ya udongo chokaa. Nyumba kama yake mwenyewe hapa Vulamba, ila hii imepandishwa mpaka ghorofa ya tatu, bila hata kuona haya.

Jirani yake Antoinette alikuja kumpa pole. Alitazama simu, akatikisa kichwa, akasema kumbe hata kwa wazungu kuna Vulamba.

Tena picha ilikuja siku mbaya. Siku hiyohiyo Nzanzu, kaka yake Ornella, alikuwa ameahidi kuleta lori la matofali. Nzanzu ana duka la kufuli mjini Butembo, na amechoka, anasema, kuagiza mizigo ng'ambo na bado kuitwa mtoto wa nyumba ya udongo. Anataka duru. Butembo yote inataka duru, yaani nyumba ya matofali na saruji, ambayo ukiipiga ngumi unaumia wewe. Na kwa kuwa kiwanja ni kidogo, ile ya zamani lazima ianguke kwanza.

Marie-Jeanne hakutaka. Udongo wa kuta zile aliukanyaga yeye na marehemu mume wake, Lusenge, mwaka waliooana, suruali imekunjwa, kitenge kimefungwa juu, wakicheka kama wendawazimu. Akigusa ukuta anamkumbuka, na kumkumbuka kunamuuma na kumpendeza vilevile. Lakini hayo utamwambiaje mtu wa biashara? Alijaribu, akajibiwa kwamba baba hayumo ukutani, yuko makaburini. Jibu lilikuwa la kweli, na hilo ndilo lililomkera.

Basi akapiga simu Ujerumani, amwambie binti arudi nyumbani. Ornella alicheka mpaka simu ikakatika. Walipopatana tena akaeleza: haishi mle, nani angemruhusu? Ile ndiyo fahari ya mji wa zamani, imepita miaka mia nne, na watu wanatoka mbali kuja kuitazama tu. Ndani ya ukuta ni fito, udongo na majani makavu. Ukipasuka, fundi anakuja na udongo mwingine. Ukithubutu kuibomoa, unashtakiwa.

Marie-Jeanne alifuta macho. Akajifunga kitenge upya, akaketi mlangoni kungoja lori.

Likaja likiunguruma, Nzanzu kakaa mbele pamoja na dereva, Valentin. Nzanzu alishuka na nyundo mkononi. Mama akamwonyesha picha, akamuuliza nyumba ile anaionaje. Nzanzu akaguna, akasema hata kule Kipese, kwa wakulima, siku hizi watu wameshapita hapo.

"Iko Allemagne," mama akasema, yaani Ujerumani kwa Ornella. "Iko na miaka mia ine."

Nzanzu akaisogeza simu karibu na macho.

"Mutoto yangu, kule ku magasin, kufuli ya Allemagne, unaambiaka batu nini?"

Ng'ambo ya ua Antoinette alishaanza kucheka. Wateja wote, kutoka Lubero mpaka Beni, wanayajua maneno yale. Nzanzu aliyasema kwa shida, akiangalia viatu vyake.

"Kitu ya Allemagne inadumu."

"Njo vile. Na hii yetu iko sawasawa na ile. Donc, hapana bomoa. Acha idumu."

Nzanzu aliiweka nyundo chini. Mfanyabiashara hawezi kukana maneno yake mbele ya mteja, na Antoinette alikuwa amenunua kufuli juzi tu. Mwishowe akauliza, kwa upole, sasa matofali haya yaende wapi.

"Nyuma," mama akamjibu. "Choo njo ipate duru."

Valentin akapeleka lori nyuma. Kabla jua halijazama, Nzanzu alikuwa ndani ya potopoto mpaka magotini, anakanyaga udongo wa kuziba ufa wa ukuta wa upande wa barabara. Mama alisimama anamtazama, na moyo wake ulikuwa umejaa.

"Kanyaga na kisigino," akamwambia. "Baba yako alikuwa anakanyaga na kisigino."

Nzanzu akakanyaga na kisigino.