Neno la Siri la Mama Masjala

Waya, fundi wa kompyuta wa ofisi ya ramani, alihamishia mafaili yote kwenye seva mpya kwa siku mbili tu. Akapongezwa, kichwa kikamvimba. Wiki sita baadaye alijiwa mezani na Mama Masjala, aliyetunza majalada ya ofisi ile tangu Waya hajazaliwa.

"Mwanangu, mashine inanikatalia. Inasema neno la siri si sahihi."

"Umelisahau, mama." Akampa jingine.

Wiki sita nyingine, yakawa yale yale. Mara ya tatu Waya akapandisha sauti, watu wanasikia: "Mama, kichwa hicho kimechoka sasa!"

Wenzake wakaangua kicheko. Mama Masjala hakucheka. Mama yake mzazi alianza hivyo hivyo, kwa kusahau vitu vidogo, akafa hamjui hata mmoja wa wanawe. Mwezi haukuisha, akaandika barua ya kustaafu mapema.

Waya aligundua kosa siku alipokuwa anafuta akaunti ya mama huyo. Seva mpya ilikuja na mpangilio wa kubatilisha kila neno la siri baada ya siku arobaini na mbili. Alikuwa ameuzima kwa watumishi wote, mmoja mmoja, akaliruka jina la mwisho kwenye orodha, la Mama Masjala. Na ile kompyuta kuukuu ya masjala haikujua kusema "muda umekwisha". Ilijua "si sahihi" tu.

Jioni hiyo hiyo akaenda nyumbani kwa Mama Masjala.

Mama Masjala alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Kwa hiyo nilikuwa naandika sawasawa?"

"Sawasawa, mama. Mara zote tatu. Kosa ni langu."

Akamwita binti yake kutoka jikoni. "Mwambie na huyu. Siku hizi hataki niwashe jiko peke yangu, na mjukuu wangu haniachii."

Waya akarudia, ulimi mzito. Binti akainamisha uso.

"Na ofisini je?" Mama Masjala akamuuliza Waya.

"Nitawaambia. Na nitamwomba mkuu akurudishe."

"Waambie. Kurudi, hapana. Kwenye kile kiti nimekaa miezi nikijiogopa mwenyewe."

Jumatatu Waya alisimama mbele ya wenzake, akasema yote. Waliocheka wakatazama sakafu. Mmoja akauliza, "Sasa si ameshaondoka?"

Kule masjala karani mpya alikuwa anahangaika na jalada ambalo Mama Masjala angelitoa akiwa amefumba macho. Waya akaenda kumsaidia. Walitafuta hadi saa sita mchana, hawakulipata.