Hesabu ya Saa Kumi

Saa ya chuo kile kidogo cha Ohio ilipogonga saa kumi jioni, Wanda Tibbets alisimama wima kando ya dawati, mikono ubavuni, macho mbele. Kwa miaka sita gerezani alisimama hivyo kila saa kumi ili ahesabiwe. Darasa zima la masomo ya uendeshaji wa magereza likamgeukia.

“Mama, mbona waondoka?” jamaa mmoja akamchokoza. “Ndiyo kwanza tunaanza!”

Wanda akatamani ardhi ipasuke immeze. Kesho harudi ng'o.

“Wewe, funga domo,” akasema mwalimu Haskell, askari magereza mstaafu. Akamtazama Wanda. “Mwenzio nilihesabu wafungwa miaka thelathini. Hadi leo, ikigonga saa kumi nahesabu wajukuu sebuleni. Mke wangu ananicheka mpaka basi.”

Darasa likaangua kicheko, Wanda naye akacheka hadi machozi.

“Kaa, dada. Hapa hatuhesabu, tunaita majina.” Akafungua daftari la mahudhurio. “Wanda Tibbets?”

Kule alikuwa namba tu.

“Nipo, mwalimu. Na asante,” akajibu, akiwa ameketi.