Herufi za Shemeji

Mhandisi wa madaraja alikuwa na mkosi mmoja: bosi wake alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, na shemeji huyo hakujua daraja wala kalvati. Alichojua ni suti na herufi. Ofisi nzima ilimwita Bwana Nadhifu, naye akadhani anasifiwa.

Bodi ilikuwa ikutane kuhusu daraja la mtoni, ambalo nguzo yake ya kati ilikuwa imepasuka. Mhandisi alikusanya slaidi zake, za mpima na za maabara, akaziunga pamoja. Kusema kweli, zilikuwa kama shuka la viraka: hapa herufi nene, kule zilizolala, pengine zenye mikia.

"Shemeji, hii ni aibu," alisema Bwana Nadhifu mbele ya kompyuta. "Slaidi hii fonti hii, slaidi ile fonti ile. Bodi itatuonaje?"

"Itaona ufa, bosi. Picha iko hapo."

"Ufa, ufa! Mtu hula kwa macho kwanza."

Mhandisi akamweleza kwamba fonti hubadilishwa mara moja tu kwenye slaidi kuu, zilizobaki zikafuata zenyewe kama kondoo. Bwana Nadhifu akakataa katakata. Mashine haina jicho, alisema. Akavua koti, akakunja mikono ya shati kama anayekwenda kuchinja ng'ombe, akaanza slaidi moja moja, mstari kwa mstari, akizivisha herufi pana alizozipenda tangu kadi za harusi yake. Kila akimaliza moja alirudi nyuma, akainamisha kichwa, akajitazamia kazi yake. Chai ikapoa. Mtoni malori yaliendelea kupita.

"Nipe nizipitie kabla ya kikao," mhandisi aliomba.

"Usiguse kitu. Utaniharibia."

Siku ya kikao slaidi zilimeremeta ukutani. Wajumbe, ambao nusu yao hawakuwa wamesoma hata neno moja, walitikisa vichwa kwa raha. Bwana Nadhifu akavimba kama andazi. Ikafika slaidi ya nguzo. Picha ilikuwepo, vipimo vilikuwepo, lakini chini yake palikuwa peupe.

"Sentensi ya mwisho iko wapi?" mhandisi aliuliza.

"Kitu kidogo tu," shemeji akajibu, akiitabasamia bodi. "Fonti mpya ni pana, ikawa inaning'inia nje ya slaidi. Nikaiondoa. Ilikuwa inaharibu mpangilio."

Mhandisi alisimama. Alikuwa amemvumilia mtu huyu miaka mingi mezani kwa dada yake, akimsikiliza akisahihisha mikunjo ya vitambaa. Leo basi.

"Ilisema daraja lifungwe mara moja," aliiambia bodi. "Nguzo ile ikienda, itakwenda na watu. Na maiti hawaulizi fonti."

Mwenyekiti, mama asiyependa maneno mengi, alivua miwani. "Bwana, umeifuta?"

"Mheshimiwa, kwa upande wa mwonekano..."

"Nimeuliza, umeifuta?"

"Ndiyo."

"Kaa chini, baba."

Daraja lilifungwa siku hiyo hiyo. Mafundi walipochimba kwenye msingi wa nguzo, walikuta maji yameula mpaka mkono unazama hadi begani.

Dada mkubwa akapiga simu. "Mdogo wangu, ndiyo umvue nguo shemeji yako mbele za watu?"

"Alijivua mwenyewe, dada. Mimi nimesema tu yuko uchi."

"Hali chakula tangu juzi."

"Atakula."

Na kweli alikula, akaongeza na sahani ya pili, huku akilalamika kwamba nchi hii haithamini kazi nzuri. Mwezi uliofuata akahamishiwa kitengo cha mialiko na vyeti. Huko anaheshimika sana, na akikosea, hakuna anayezama.