Karoti Zilizonyooka

Watu wa Manga wakikuambia Celestine ana kiburi, waamini. Mimi ndiye Celestine, na kiburi changu ni keki. Hakuna harusi ya maana huku kwetu, tangu Birongo hadi Ikonge, ambayo haijakata keki yangu ya karoti, na zote nimezioka kwenye sufuria, juu ya jiko la makaa, bila oveni ya mtu. Ni wawili tu ambao hawakuwahi kuionja, na wote ni wa nyumbani kwangu. Mama mkwe wangu, Mama Drusilla, husingizia meno. Mume wangu Duke husema sukari ni ya watoto. Mkewe anasifiwa mpaka kanisani, naye anakunywa chai yake kwa viazi vitamu na kufuta mdomo. Jambo hilo liliniuma, sitaficha.

Kwa hiyo alipokubali, kwa kuchoka kubembelezwa, kwamba siku atakayotimiza miaka arobaini atakula kipande kimoja mbele yangu, niliamka siku hiyo na furaha ya bibi harusi. Duke ni karani kwenye kituo cha kupimia majani chai. Aliondoka asubuhi akaniahidi kurudi saa tisa.

Nikaenda kung'oa karoti. Yeyote anayelima huku mlimani anajua karoti hazipendi udongo wetu. Zikigonga jiwe zinapinda, zinaota miguu miwili kama suruali, na kuzikwaruza ni adhabu. Lakini nyuma ya jikoni, chini ya migomba, kuna kipande kisichozidi upana wa mkeka ambapo zinashuka zimenyooka, ndefu, tamu hata zikiwa mbichi. Marehemu baba mkwe, Mzee Ogoti, alikuwa amepanda majani ya ng'ombe hapo. Alipofariki niliyang'oa, na huu ulikuwa msimu wangu wa nne.

Jambo moja tu lilinisumbua kuhusu kipande kile. Sikuwahi kukipalilia. Kila nikienda nakuta magugu yameshang'olewa na udongo umelainishwa kwa vidole. Nilimuuliza Duke, akacheka. Nilimuuliza Mama Drusilla, akasema huenda ni kuku. Kuku gani huyo anayeng'oa magugu na kuacha karoti? Nikaanza kuogopa kufika pale peke yangu, halafu nikajikaripia kwamba mimi ni Msabato, sina shughuli na mizimu. Asubuhi hiyo pia palikuwa pamepaliliwa. Nikang'oa karoti sita haraka haraka bila kutazama nyuma.

Jikoni nilitulia. Nikazikwaruza, nikapiga mayai na sukari mpaka yakawa meupe, nikatia mafuta, unga, beking poda, mdalasini na zile karoti. Nikamimina kwenye sufuria ndogo, nikaiweka ndani ya ile kubwa yenye mchanga wa moto, nikafunika na kupanga makaa juu ya kifuniko. Harufu ilipoanza kutoka, Mama Drusilla akatokea mlangoni.

Nilishtuka, maana siku ya kuzaliwa Duke mama yake huwa haonekani. Hujifungia nyumbani kwake, upande wa pili wa ua, kichwa kinamuuma. Miaka kumi na miwili ya ndoa yangu, kichwa kimeuma siku hiyo hiyo kila mwaka, nami sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Akauliza karoti nimezitoa wapi. Nikamjibu kwa majivuno kwamba zimetoka palepale nyuma, kwani kuna nyingine? Akauliza kama ni Duke atakayekula. Nikasema ndiyo, leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Mama Nyanchoka," akaniambia, maana Nyanchoka ni binti yangu. "Duke hakuzaliwa peke yake."

Walizaliwa wawili, msichana na mvulana. Msichana aliishi siku mbili. Mzee Ogoti alimzika mwenyewe nyuma ya jikoni, bila maombi na bila jina, akapanda majani ya ng'ombe juu ili pasijulikane. Akamkataza mkewe asimtaje kamwe, kwa kuwa pacha akijua mwenzake amelala wapi, atamfuata. Mama Drusilla alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na aliamini. Tangu hapo alikuwa amebakiwa na kazi moja tu ya kumfanyia binti yake, kumng'olea magugu.

Nilikumbuka harusi zote zile, watu wakilamba vidole na kuomba kipande cha kubeba. Nusu ya Birongo nilikuwa nimeilisha kutoka pale. Nikamuuliza, kwa hasira ninayoionea haya sasa, kwa nini alinitazama nikilima misimu minne bila kusema neno. Akasema kila mara alikuja na neno mdomoni, akifika mlangoni kwangu linarudi. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba alipenda pia kuona pameota kitu kinachofurahisha watu.

Ilikuwa imebaki nusu saa Duke afike. Niliona njia moja tu. Keki ikiungua hataila, na hakuna atakayeulizwa lolote. Nikaongeza makaa juu ya kifuniko, nikakaa. Harufu ya sukari ikaanza kugeuka. Mama Drusilla alijua ninachofanya, maana macho yetu yalikutana naye akayashusha. Nilijua pia kwamba tukiiunguza, atarudi kwake na kichwa chake kinachouma, na mimi nitakuwa nimefunga mdomo pamoja naye mpaka mmoja wetu azikwe.

Ndipo alipoinuka, akashika koleo, akayaondoa makaa kwenye kifuniko moja baada ya jingine na kuyarudisha kwenye jiko.

"Wacha iive," akasema. "Nimechoka."

Duke alifika akitania kwamba amekuja kutumikia kifungo chake. Alishangaa kumkuta mama yake siku kama hiyo, akamsalimia mara mbili. Keki ilikuwa mezani, imeumuka vizuri, pembeni imekolea kupita kiasi. Alipochukua kisu, Mama Drusilla akaweka mkono juu ya mkono wake, akamweleza yote kwa Ekegusii, kwa maneno machache kuliko aliyonipa mimi. Nilitazama uso wa mume wangu nikingoja aanguke. Ndiyo, hata mimi nilikuwa nimeshaanza kumwamini Mzee Ogoti.

Hakuanguka. Aliweka kisu chini akauliza ni nani aliyetangulia kuzaliwa.

"Ni yeye," mama yake akasema.

Duke, ambaye maisha yake yote ameitwa kifungua mimba, akatikisa kichwa na kutoka nje. Tulimkuta nyuma ya jikoni amepiga magoti na suruali yake ya kazi, anang'oa karoti kwa mikono miwili na kuzitupa kwenye migomba, udongo unaruka. Hakuwa akilia. Alifanya haraka kama mtu aliyechelewa mahali.

Mama Drusilla akainama, akamshika bega.

"Polepole, mwanangu. Hakuchimbiwa chini sana."

Duke akatulia, mikono yake bado imezama udongoni. Mimi nilisimama nyuma yao, nikaiogopa mikono yangu mwenyewe. Misimu yote minne nilikuwa nimelima pale kwa jembe, nikilizamisha mpaka kwenye mpini, ili karoti zipate nafasi ya kushuka.