Nyumba Aliyoiruka

Kila Jumamosi Pi Darthuami, yaani Bi Darthuami, alibeba kikapu mgongoni, kamba yake ikimkaza paji la uso, akapanda na kushuka ngazi za mtaa kukusanya mchele wa kanisa. Katika milima ya Mizoram, huko India, mama Mkristo habandiki sufuria kabla ya kuchota konzi moja ya mchele na kuiweka kando kwa kazi ya Mungu. Hata mwenye njaa huchota. Darthuami aliianza kazi hiyo nywele zake zikiwa bado nyeusi, na mvua haikuwahi kumzuia. Mchungaji alimsifu mbele ya watu: "Mama huyu ni mwaminifu." Naye aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, na nusu ya unyenyekevu ule ilikuwa uongo.

Maana ilikuwapo nyumba moja aliyoiruka, nyumba ya Rokimi.

Rokimi alikuwa shoga yake wa kufa na kuzikana. Kwake ndiko Darthuami alikopeleka siri ya mwanawe Zova, kwamba kijana amezama kwenye pombe, wakapiga magoti wote wawili, wakalia na kuomba. Jumapili haijafika, siri imeshamwagwa kama mtama penye kuku wengi. Wazee wa kanisa walimwita Zova wakamtenga hadharani, na kijana akapanda gari la kwenda bondeni, asirudi tena. Kikulacho ki nguoni mwako! Darthuami hakumtukana Rokimi wala hakumshtaki kwa mtu. Alinyamaza tu, akawa anaipita nyumba ile uso umetazama upande wa pili. Akina mama wenzake walipouliza, alijibu, "Hao hupeleka mchele wao kanisani wenyewe." Moyoni akajihesabia kwamba amevumilia kama Mkristo.

Miaka ikaenda. Jumamosi moja Zuali, mkaza mwana wa Rokimi, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili, alimkingia njia pale ngazini.

"Pi Darthuami, leo hupiti. Njoo uchukue fukusi wako."

"Fukusi wangu?"

"Wa nani basi? Mama mkwe amejaza madebe ya mchele mpaka uvunguni. Kila mlo anachota, na wa kuja kuchukua hayupo. Nikitaka kuupika, ananitimua na mwiko. Nikitaka kuupeleka kanisani, anasema mkusanyaji ni Darthuami, atakuja. Fukusi wanatembea juu ya mito yetu, bibi! Tukalale wapi sasa, kwako?"

"Wewe hujui alichonifanyia."

"Najua. Mtaa mzima unajua. Ila mimi sikukufanyia kitu, na ninayetambaliwa usiku ni mimi." Kisha sauti ikapoa. "Ingia, mama. Akili zake zinamtoka siku hizi. Wewe unangoja nini?"

Darthuami alitua kikapu. Akaingia.

Rokimi alikuwa ameketi kando ya jiko, amesinyaa, kabaki mdogo kama mtoto. Aliinua macho, akatabasamu.

"Karibu, mgeni. Umetoka mbali?"

Miaka yote hiyo Darthuami alikuwa amejiandalia maneno makali, na hivi karibuni hata maneno ya kusamehe. Kuitwa mgeni hakujiandalia.

"Nimekuja kuchukua mchele," alisema.

"Aa, usiguse! Huo ni wa Darthuami."

"Ndiye mimi, Roki."

Rokimi aliutazama ule uso wenye makunyanzi, na zile mvi, akacheka mpaka akakohoa. "Acha utani, bibi! Darthuami nywele zake nyeusi, zimefika kiunoni." Halafu akamsogelea, akanong'ona. "Nilimkosea, unajua. Nilitoa siri yake ili nionekane najua mambo. Kumfuata kwake naona haya. Lakini kwa mchele atakuja tu, na akija nitamwambia. Yule haruki nyumba ya mtu. Ni mwaminifu."

Darthuami aliona aibu ambayo hajawahi kuiona mbele ya mchungaji wala mbele ya Mungu.

"Amekusamehe," alisema kwa shida.

"Amekutuma wewe?"

"Ndiyo. Amenituma."

Rokimi akatikisa kichwa. "Hapana. Darthuami hamtumi mtu. Angekuja mwenyewe."

Basi Darthuami akaketi sakafuni akalia waziwazi, na Rokimi akawa anampigapiga mgongoni, akimwambia Zuali amletee mgeni chai, huenda amefiwa. Ulipofika wakati wa kupika, Rokimi alichota konzi yake, akaitia kwenye debe, akafunika.

Tangu siku hiyo Darthuami aliuanzia mzunguko wake nyumba ile. Kila Jumamosi alikaribishwa kama mgeni, akanywa chai, akaomba mchele, akanyimwa, akatoka na kikapu kitupu. Na kila mara Rokimi alimsindikiza hadi mlangoni, akamshika mkono.

"Ukikutana naye njiani," alimwambia, "mwambie asinipite."