Panga Lililoruka

Torkild alilegeza breki Jumamosi saa tisa mchana, kwa sababu watu walikuwa wameanza kumcheka.

Mnara wa kinu chetu cha upepo ulikuwa umesimama tangu asubuhi. Wanaume kumi na wawili wa jirani walivuta kamba mpaka ukawa wima. Na hapa Thy, pwani ya magharibi ya Denmark, watu wakikusaidia kusimamisha jengo, unatundika shada la majani juu yake, unawapa bia na soseji. Ukiwanyima raha yao, wanatundika sanamu ya majani makavu iliyovaa suruali yako, kijiji kizima kikuone.

"Tumesimamisha maiti nini?" Gunner akauliza, chupa mkononi. Ni kaka yake Torkild, mkubwa kwa miaka sita na kwa sauti. "Mbona hakizunguki?"

"Fundi wa umeme anakuja Jumatatu kuunganisha waya."

"Jumatatu! Jamani, mvueni suruali."

"Kajiona mhandisi," mwingine akadakia. "Seremala wa madirisha huyo!"

Wakacheka. Nikaona masikio ya mume wangu yakiwa mekundu.

Majira ya baridi yote nilikwenda shule ya jioni kila Alhamisi, darasa la watu wanaojijengea vinu baada ya mafuta kupanda bei. Torkild alichonga mapanga matatu ya kinu kwa mbao za msonobari, kwa mikono yake, lakini ubao na chaki vilimshinda subira, kwa hiyo nilikwenda mimi, tumbo mbele, daftari kwapani. Mwalimu alituimbia mambo mawili. Kinu kiwe na breki mbili. Na kisiachiwe kamwe kabla ya kuunganishwa na umeme wa nje, kwa kuwa umeme huo ndio unaokizuia kwenda mbio. Bila huo ni farasi asiye na hatamu. Breki mbili Torkild aliziona mbwembwe. Tulifunga moja, ya gari kuukuu.

Nikamsogelea. "Torkild, bila waya usithubutu."

"Dakika mbili tu, mke wangu. Wakione."

"Mwalimu alisema..."

"Mwalimu wako hajawahi kuvuliwa suruali mbele ya watu."

Akavuta mkono wa breki.

Mapanga yakaanza taratibu, na nakiri kwamba moyo wangu uliruka kwa furaha. Watu wakapiga makofi. Halafu upepo wa magharibi ukakaza. Mlio ukatoka kwenye mvumo, ukawa mluzi, ukawa mayowe ya nguruwe anayechinjwa. Shada likachanika vipande. Torkild akarudisha mkono wa breki kwa nguvu zake zote. Juu kule cheche zikaruka, moshi mweusi ukafuka, kisha waya wa breki ukakatika na kumchapa usoni kama mjeledi. Damu ikamjaa jicho.

"Napanda!" akapiga kelele. Alikwishakamata ngazi ya mnara.

Gunner akamshika kola, akamvuta chini. Torkild akampiga kiwiko cha pua. Wakagaragazana matopeni, watu wazima wawili, wakitukanana matusi ya utotoni, mpaka Gunner akapata nafasi, akamtandika ngumi ya taya. Nilisikia jino likivunjika.

"Lala hapo, mpumbavu! Mama alizaa wawili, hatazika mmoja leo!"

Kisha akakimbilia mtaimbo wa chini, ule unaozungusha kichwa cha kinu. "Nakitoa kwenye upepo!"

Wazo lilikuwa sahihi. Limo hata kwenye daftari langu. Lakini chini yake nilikuwa nimeandika: panga likivunjika haliendi mbele, linaruka ubavuni.

Binti yetu Rikke, wa miezi saba, alikuwa amelala nje ndani ya kigari chake, kama walalavyo watoto wote wa hapa, kwenye ukuta wa ghala, mashariki ya kinu. Nilikuwa nimemweka pale mwenyewe kwa hesabu: kinu kimetazama magharibi, ubavu wake ni kaskazini na kusini. Sasa Gunner alikuwa anakigeuza kitazame kaskazini. Kwa kila mzunguko wa mtaimbo, ubavu ulizidi kumwelekea mwanangu.

"Shemeji, acha! Mtoto! Mtoto!"

Mlio ule ukanimeza sauti. Yeye alikazana, mgongo kwangu.

Nikakimbia. Sahani ya soseji niliyoshika sijui niliitupa wapi. Nilifika nikamkuta amelala, kidole mdomoni, amefungwa mikanda kifuani asianguke. Vidole vyangu vikakataa kufungua kifungo. Nikakanyaga breki ya magurudumu, haikuachia. Nikashika kigari kizima, nikakiburuta kwenye mawe, hatua moja, mbili, tano, nikikata kona ya ghala.

Mlipuko. Panga moja liling'oka likaja likiunguruma, likatoboa ukuta wa matofali pale pale nilipotoka, likatokea upande wa pili. Nilijilaza juu ya kigari. Kipande cha mbao kikanichana bega mpaka kwenye nyama. Nyuma yangu mapanga mawili yaliyobaki yakautikisa mnara, bolti zikakatika moja moja kama risasi, na mnara wote ukaanguka kwenye shamba la shayiri.

Halafu kimya. Halafu Rikke, akilia kwa hasira ya kuamshwa.

Nikavuta kofia yake ya sufu, nikamkagua kichwa, shingo, vidole vyote kumi. Nilikuwa nikimpaka damu yangu na nikaogopa ni yake.

Gunner alikaa chini amekumbatia mkono uliovunjwa na mtaimbo uliorudi nyuma kwa kishindo. Alitazama tundu ukutani, akatazama kigari, akaelewa. Akatapika bia yote.

Torkild akaja akiyumba, mdomo umevimba, jicho limefumba. Nilimzaba kibao upande ule mzima. Hakukinga.

"Nipe mtoto," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Bado."

"Ulisema. Ulinieleza kila kitu, nami nikaona haya mbele ya watu."

Nilitaka kumpiga tena. Mkono ulinyanyuka, Rikke akaudaka kwa vidole vyake na kuutia mdomoni.

"Nenda kanawe kwanza," nikamwambia. "Mikono yote miwili, mpaka kwenye kiwiko."

Akaenda bombani. Nikamsubiri.